Alichokisema Bibi na Alichokinyamazia

Barabara ya Andrássy, ile pana inayotoka katikati ya Budapest hadi Uwanja wa Mashujaa, imebadilishwa jina mara tano. Ilipofunguliwa mwaka 1876 iliitwa Sugár. Mwaka 1885 ikapewa jina la Gyula Andrássy, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Mwaka 1950 ikawa Barabara ya Stalin. Wakati wa maasi ya 1956 ikawa ya Vijana wa Hungaria, na mwaka uliofuata ikawa ya Jamhuri ya Watu. Mwaka 1990 Andrássy akarudishiwa barabara yake. Makutano yake makubwa, Oktogon, yaliitwa Mussolini tangu 1936 hadi vita vilipokuwa vikielekea mwisho, kisha kuanzia 1950 yakaitwa Novemba 7, siku ya mapinduzi ya Urusi.

Majina hayo ndiyo yaliyokuwa kalenda yetu. Bibi tuliyekuwa tukimrekodi alizaliwa mwaka 1939, na hakuwa mtu wa tarehe. Ukimuuliza jambo fulani lilitokea mwaka gani, anakutazama kana kwamba umemuuliza bei ya kitu kisichouzwa. Lakini akisema walitembea na kaka yake katika Barabara ya Stalin, unajua ni kati ya 1950 na 1956. Akisema alishuka tramu pale Novemba 7, unajua ni kabla ya 1990. Mjukuu wake, mwanafunzi mwenzangu, alikuwa na daftari la kuandika majina ya mitaa kila yalipomtoka bibi yake mdomoni, na kwa daftari hilo tuliweza kupanga saa nyingi za mazungumzo katika mfuatano unaoeleweka.

Mimi ni Mkenya. Nilifika Hungaria kusomea filamu kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, ule wa Stipendium Hungaricum ulioanzishwa mwaka 2013. Kazi tuliyopewa darasani ilikuwa filamu fupi ya hali halisi juu ya kumbukumbu za ukoo mmoja. Mwenzangu alileta ukoo wake, mimi nikaleta masikio: nilishika kipaza sauti na mara nyingi kamera pia, yeye akauliza maswali na kunitafsiria pale Kihungaria changu kilipogota. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Bibi alikuwa na mambo ambayo hakuwahi kumweleza mjukuu wake kwa kudhani kwamba anayajua, na mjukuu hakuwahi kuyauliza kwa sababu hiyohiyo. Kwa vile mimi sikujua lolote, ilibidi anieleze tangu mwanzo, na mjukuu akayasikia kwa mara ya kwanza akiwa ameketi pembeni yangu.

Wahungaria niliowajua kabla ya hapo walikuwa wawili. Mmoja ni Ferenc Puskás, ambaye kila mpenda kandanda anajua tuzo yenye jina lake. Wa pili ni Sámuel Teleki, ambaye bonde lililo Mlima Kenya limepewa jina lake. Teleki alitoka Pangani mwaka 1887 na msafara wa wapagazi, wengi wao wakiwa wamekodiwa Unguja, na mwaka uliofuata akafika kwenye ziwa tunaloliita leo Turkana, akalipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria na Hungaria. Nilipomtajia Bibi habari hizi alishtuka kidogo, kisha akasema: "Teleki alikuwa mtu wa kwetu. Sáromberk. Sasa ni Romania." Hapo ndipo hadithi ya ukoo ilipoanzia, bila swali lolote kutoka kwetu.

Tarehe 4 Juni 1920, katika kasri la Trianon huko Versailles, Hungaria ilitia saini mkataba uliomega takriban theluthi mbili za ardhi ya ufalme wake wa zamani. Wahungaria wapatao milioni tatu walijikuta raia wa Romania, Chekoslovakia na ufalme mpya wa Waslavi wa Kusini bila kuhama hata hatua moja. Babu yake Bibi alikuwa mfanyakazi wa reli mjini Kolozsvár, ambao Waromania wanauita Cluj. Watumishi wa umma walitakiwa kula kiapo cha utii kwa dola mpya. Waliokataa walipoteza kazi. Yeye alikataa. Akapakia kitanda, jiko la chuma, mke na watoto kwenye behewa la mizigo, wakaja Budapest.

Katika miaka ile watu wapatao 350,000 waliingia Hungaria kutoka maeneo yaliyopotea, na nchi haikuwa na nyumba za kuwaweka. Maelfu waliendelea kuishi ndani ya mabehewa yaleyale yaliyowaleta, yakiwa yameegeshwa kwenye reli za pembeni za vituo. Baba yake Bibi aliyaishi maisha hayo akiwa mtoto wa miaka minane. Alichomsimulia bintiye ni kitu kimoja tu: kwamba usiku, injini ilipokuwa ikisukuma mabehewa mengine, nyumba yao ilitikisika, na mama yake aliamka kushika sufuria ya maziwa isimwagike. Hakuna kitabu cha historia ya mkataba wa Trianon nilichokisoma tangu siku hiyo kilichonieleza zaidi ya sufuria ile.

Tarehe 30 Agosti 1940, Ujerumani na Italia zilikaa Vienna zikairudishia Hungaria sehemu ya kaskazini ya Transilvania, Kolozsvár ikiwamo. Kwa ukoo huu ilikuwa sikukuu. Bibi alikuwa mchanga asiyejua kitu, lakini mama yake alimwambia kwamba baba alilia mbele ya redio. Zawadi hiyo ilikuwa na bei. Serikali ya Miklós Horthy ilizidi kufungamana na Hitler, na mwaka 1942 Jeshi la Pili la Hungaria, watu wapatao 200,000, lilipelekwa kwenye Mto Don, ndani kabisa ya Urusi. Baba yake Bibi alikuwa miongoni mwao.

Kadi yake ya mwisho ipo kwenye kopo la biskuti. Niliipiga picha kwa lenzi ya karibu, ikawa ndiyo picha iliyokaa muda mrefu kuliko zote katika filamu. Imeandikwa kwa penseli, herufi zimelala upande wa kulia, na pale alipobadilisha mkono wa kushikilia kadi mistari inapanda juu. Askari hawakuruhusiwa kutaja mahali walipo, kwa hiyo badala ya anwani kuna namba tu ya posta ya jeshi. Hasemi lolote juu ya vita. Anauliza kama makaa ya mawe yamefika, kama mtoto wa kiume amepata viatu, na kama msichana bado anaogopa paka wa jirani. Tarehe 12 Januari 1943 jeshi la Kisovieti lilishambulia katika baridi kali, na zaidi ya nusu ya jeshi lile waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Hakurudi. Baada ya vita, chini ya utawala ulioletwa na Wasovieti, haikuwezekana kuwaomboleza hadharani watu waliokufa wakipigana na Wasovieti. Mama yake Bibi aliwasha mshumaa jikoni, siyo dirishani.

Nyumba ya Bibi iko Józsefváros, wilaya ya nane ya jiji. Ni ya aina iliyozoeleka Budapest: ua katikati, na katika kila ghorofa varanda ndefu yenye reli za chuma inayozunguka ua huo, milango ikiangaliana. Katika nyumba za namna hiyo hakuna siri ya nani ametoka na nani ameingia. Bibi alizaliwa humo na anaishi humo hadi leo.

Hadithi aliyoijua vizuri zaidi ni ya kuzingirwa kwa Budapest. Kuanzia mwishoni mwa Desemba 1944 hadi tarehe 13 Februari 1945 Wajerumani na Wahungaria walioungana nao walipigana na Wasovieti mtaa kwa mtaa, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja yote ya Mto Danube. Watu walikaa kwenye vyumba vya chini ya ardhi wiki baada ya wiki. Farasi waliokufa barabarani waliganda kwa baridi, na wanawake wakatoka na visu usiku kukata nyama. Bibi alituambia jinsi mama yake alivyorudi na kipande amekifunga kwenye aproni, jinsi mzee mmoja alivyopiga fidla gizani, jinsi askari wa kwanza wa Kisovieti aliyeshuka ngazi alivyompa mkate mweusi.

Ilikuwa hadithi nzuri mno. Kila sentensi ilikuwa mahali pake. Alipumzika palepale kila alipoisimulia, na mjukuu wake aliweza kuimalizia. Anayefanya kazi ya kurekodi wazee lazima ajihadhari na hadithi za namna hiyo. Siyo kwamba ni uongo. Ni kwamba msimulizi anakumbuka usimulizi wake wa mwisho, siyo jambo lenyewe. Mwalimu wetu mmoja alitushauri tuache kuuliza "kulitokea nini" na badala yake tuulize vitu vilikaa wapi. Basi tukamwekea Bibi karatasi kubwa mezani na kumwomba achore nyumba yao ilivyokuwa alipokuwa mdogo, aandike nani aliishi nyuma ya kila mlango.

Alichora kwa raha. Ghorofa ya kwanza: mshona viatu, mjane wa mwanajeshi, msimamizi wa nyumba na mbwa wake. Ghorofa ya pili: wao wenyewe, karani wa posta, kisha mlango mmoja aliouchora vizuri, na kitasa chake, bila kuandika jina. Akaruka kwenda ghorofa ya tatu. Mjukuu alipomwonyesha kwa kidole mlango ule mtupu, Bibi akasema amechoka.

Jioni ile mwenzangu alifungua ramani iliyotengenezwa na Kumbukumbu za Open Society, taasisi iliyoko mjini humo, inayoonyesha nyumba zilizowekwa alama ya nyota ya njano mwaka 1944. Nyumba ya bibi yake ilikuwamo. Alikulia akicheza kwenye ua ule kila Jumapili, na hakuwahi kuambiwa.

Ujerumani iliivamia Hungaria, mshirika wake, tarehe 19 Machi 1944. Kuanzia katikati ya Mei hadi tarehe 9 Julai, katika muda usiotimia miezi miwili, Wayahudi wapatao 437,000 kutoka mikoani walipakiwa kwenye treni, karibu wote wakapelekwa Auschwitz-Birkenau. Waliowakusanya na kuwapakia walikuwa polisi wa vijijini wa Hungaria. Maofisa wa Kijerumani waliosimamia walikuwa wachache. Mabehewa yalikuwa ya mizigo, aina ileile iliyokuwa nyumba ya wakimbizi wa 1920. Wayahudi wa Budapest waliamriwa kuhamia, mwisho tarehe 21 Juni, katika nyumba karibu 2,000 zilizobandikwa nyota milangoni. Wakristo waliokuwa wakiishi katika nyumba hizo waliruhusiwa kubaki, na maelfu walibaki. Mama yake Bibi alikuwa mmoja wao, na watoto wake wawili. Horthy alisimamisha treni mwanzoni mwa Julai, kabla ya zamu ya mji mkuu. Lakini Oktoba 15 chama cha Msalaba wa Mishale kilinyakua madaraka kwa msaada wa Wajerumani. Novemba, maelfu ya Wayahudi wa Budapest, wanawake kwa wanaume, walitembezwa kwa miguu kuelekea mpaka wa Austria, wengi wakafia njiani. Waliobaki wakafungiwa katika geto la Pest, wengine wakapigwa risasi kando ya Danube.

Hatukumshurutisha. Tuliendelea na miaka iliyofuata, na katika miaka hiyo kulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa mbele ya macho yetu tangu siku ya kwanza. Kati ya dirisha na kabati, chini ya kitambaa kilichotariziwa, pamekaa cherehani ya Singer, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu na kanyagio la chuma, ambayo msomaji wa kwetu ameiona kwenye baraza la fundi yeyote kuanzia Lamu hadi Kigoma. Juu yake kuna chungu cha ua. Bibi aliiita cherehani ya mama. Cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha.

Mwaka 1946 fedha ya Hungaria, pengő, iliporomoka kuliko fedha yoyote katika historia ya dunia. Mwezi Julai bei zilikuwa zikiongezeka maradufu kwa muda wa saa kumi na tano hivi. Noti kubwa iliyotumika ilikuwa na thamani ya pengő 1 ikifuatwa na sifuri 20. Bibi anayo moja kwenye kopo lile la biskuti, pamoja na kadi ya baba. Mshahara uliolipwa asubuhi ulikuwa karatasi jioni. Tarehe 1 Agosti ikaja forinti, inayotumika hadi leo. Katika kipindi hicho mama hakushona kwa fedha. Alishona kwa mayai, kwa mafuta ya nguruwe, kwa gunia la viazi. Alifumua makoti ya jeshi na kuyageuza kuwa sketi. Alishona blauzi za hariri ya parachuti. Bibi alituonyesha kwa mikono jinsi alivyokaa chini ya meza akiokota pini kwa sumaku.

Kisha ikaja miaka ya kiongozi wa kikomunisti Mátyás Rákosi, ambayo kila ukoo wa Hungaria unaijua kama miaka ya kengele ya mlango. Polisi wa siri walikuja usiku. Mwaka 1951 maelfu ya watu wa Budapest walioitwa maadui wa tabaka waliamriwa kuondoka na kupelekwa vijijini, na nyumba zao zikapewa wengine. Watu walijifunza kunyamaza kwa bidii kama wengine wanavyojifunza kusoma. Mdomo huponza kichwa, na watoto walifundishwa hilo kabla ya hesabu. Bibi alisema mama yake hakuwahi kuizoea kengele. Ikilia, aliutazama mlango, kisha akaitazama cherehani. Tulilirekodi hilo na kudhani ni namna tu ya kusema.

Juu ya 1956 tulikuwa na wasimulizi wawili, kwa sababu kaka yake Bibi, aliyezaliwa 1935, yuko Toronto. Tulimhoji kwa video. Jioni ya tarehe 23 Oktoba, wanafunzi wa chuo cha ufundi walipokuwa wameandamana na madai yao 16, umati uliangusha sanamu ya shaba ya Stalin, zikabaki buti zake juu ya jukwaa. Usiku uleule risasi zililia kwenye jengo la redio, umbali mfupi kutoka nyumbani kwao. Kaka alikuwa na vijana wa Corvin köz, kichochoro kilichokuwa ngome ya wapiganaji, nao walipanga sahani barabarani kifudifudi ili madereva wa vifaru wadhani ni mabomu ya kutegwa. Sahani mbili zilikuwa za mama. Alfajiri ya tarehe 4 Novemba Wasovieti walirudi na jeshi kubwa. Wahungaria wapatao 2,500 walikufa katika mapigano, na watu wapatao 200,000 wakakimbilia nje, wengi kupitia Austria. Kaka alikuwa mmoja wao.

Bibi anasema waliagana alfajiri, mama akampa mkate na mafuta ya nguruwe, na majuma kadhaa baadaye wakasikia ujumbe wake kwenye Redio Ulaya Huru kutoka Munich. Redio hiyo ilisoma salamu za waliofika salama kwa majina ya kificho, na mama alilitambua jina. Kaka anasema aliondoka usiku bila kumwamsha mtu, na hakuwahi kutuma ujumbe wowote kwa redio. Alituma kadi baada ya Krismasi. Basi yawezekana mama alisikia salamu za mwana wa mtu mwingine, akazichukua kuwa zake, akalala usingizi kwa mara ya kwanza. Tulipokuwa tukihariri kulikuwa na wazo la kuchagua toleo moja. Nililipinga kwa nguvu zote. Sauti zote mbili zimo katika filamu, moja baada ya nyingine, bila maelezo.

Kumbukumbu ya taifa nayo hufanya hivyohivyo. Kila Mhungaria niliyemuuliza aliniambia kwamba Péter Mansfeld, kijana wa 1956, aliwekwa gerezani hadi atimize miaka 18 ndipo anyongwe. Ni kweli alinyongwa tarehe 21 Machi 1959, siku chache baada ya kutimiza umri huo. Lakini sheria ya wakati ule iliruhusu kunyongwa kwa aliyetimiza miaka 16. Watawala hawakuhitaji kusubiri lolote. Ukweli wa makaratasi ni mbaya kuliko hadithi, maana katika hadithi bado kuna mtu anayeiheshimu sheria.

Siku moja tukinywa kahawa, Bibi aliniuliza nyanya yangu alikuwa wapi mwaka 1956. Nilimwambia alikuwa Nyeri, katika kijiji kilichozungushiwa handaki, mmoja wa watu zaidi ya milioni moja waliohamishwa na Waingereza kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, siku mbili kabla ya Budapest kulipuka, akanyongwa Februari iliyofuata, na kaburi lake halijulikani. "Na nyanya alikusimulia nini?" Nikamwambia: hakusimulia. Mau Mau ilibaki chama haramu kisheria hadi 2003, na alifariki kabla sijawa na kamera. Bibi alinyamaza kidogo, akanimiminia kahawa nyingine.

Kaburi la Imre Nagy, waziri mkuu wa maasi, nalo lilifichwa kwa miaka mingi, bila jina. Alinyongwa tarehe 16 Juni 1958 na hatimaye akafukiwa kifudifudi katika kiwanja namba 301, kwenye pembe ya makaburi iliyoachwa imee magugu. Tarehe 16 Juni 1989 alizikwa upya kwa heshima. Kwenye Uwanja wa Mashujaa kulikuwa na majeneza sita: matano ya Nagy na wenzake, la sita tupu, kwa ajili ya wapiganaji wasiojulikana. Televisheni ya taifa ilionyesha kutwa nzima. János Kádár, aliyeingia madarakani na vifaru vya 1956, alifariki tarehe 6 Julai, siku ileile Mahakama Kuu ilipomtangaza Nagy kuwa hana hatia. Bibi alitazama mazishi yale akiwa amefunga mapazia, kwa mazoea.

Ni kaka, siyo Bibi, aliyelijaza pengo la ghorofa ya pili. Mwishoni mwa mahojiano, mjukuu alipomwambia kwamba cherehani ya mama bado ipo, mzee alikaa kimya kwenye skrini, kisha akasema haikuwa ya mama. Ilikuwa ya mshonaji aliyeishi mlango wa tatu. Novemba 1944, alipoitwa pamoja na wanawake wengine, aliisukuma kwenye varanda hadi mlangoni kwao, akamwomba mama amtunzie.

Tulirudi kwa Bibi tukiwa tumekubaliana kwamba kamera itabaki mfukoni hadi atakaporuhusu. Mjukuu alimwambia alichokisema kaka. Bibi aliondoa chungu cha ua, akakunja kitambaa, akasema niwashe.

"Mama alisema akirudi ataichukua. Tulimsubiri. Baadaye mama akaanza kushona, kwa sababu tulikuwa na njaa, na kila siku alisema nitampa na kodi ya miezi yote. Watu wote waliogopa kengele miaka ile. Mama aliiogopa tangu 1945. Alikuwa akimwogopa yeye. Alikuwa akiomba Mungu arudi, na alikuwa akiogopa atarudi. Mimi nilikuwa na miaka sita, nililijua hilo."

Mjukuu alimuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza ile cherehani ni ya nani.

Kwenye Uwanja wa Uhuru mjini Budapest serikali ilisimamisha mnara usiku mmoja wa Julai 2014, kuwakumbuka waathiriwa wa uvamizi wa Wajerumani. Unaonyesha malaika Gabrieli, ndiye Hungaria, akishambuliwa na tai, ndiye Ujerumani. Mbele yake wananchi wamepanga picha za jamaa zao waliouawa, viatu, masanduku ya safari, mawe, miwani, barua zilizowekwa kwenye plastiki zisiloane. Tulipiga picha hapo, na baada ya kumsikia Bibi niliuona mnara ule kuwa ni dhuluma. Malaika asiye na doa hana cherehani ya jirani nyumbani kwake. Mwanamke yule mjane aliyepokea amana ya mwenzake, akailinda, akaitumia, akaionea haya, hakuwa malaika wala tai, na nchi haiwezi kuelezwa bila watu kama yeye.

Tulitafuta jina la mshonaji. Bibi alilikumbuka jina la kwanza tu. Kaka alikumbuka na la ukoo, bila uhakika wa tahajia. Katika hifadhi ya Yad Vashem ya majina ya Wayahudi waliouawa wapo wanawake kadhaa wa Budapest wenye jina linalokaribiana, na hatukuruhusu filamu imchague mmoja wao. Tumeandika jina la kwanza peke yake, kabla ya jina la filamu.

Onyesho la kwanza tulilifanya ndani ya ua wa nyumba hiyo, tarehe 21 Juni, siku ambayo mwaka 2014 wakazi wa nyumba nyingi za nyota walikusanyika kwenye nyua zao. Tulitundika shuka kwenye reli za ghorofa ya kwanza. Bibi alikataa kushuka. Alitazama kutoka varandani, akiwa amekaa mbele ya mlango wake. Filamu ilipokwisha hakukuwa na makofi. Watu walikuwa wakiitazama milango.

Kesho yake asubuhi mzee wa ghorofa ya tatu, ambaye kwa miezi yote hiyo hakuwahi kuitikia salamu yangu, alimsimamisha mwenzangu ngazini. Alisema kwao kuna kabati la vitabu lenye herufi mbili zilizochongwa kwenye mlango, na herufi hizo si za mtu yeyote wa ukoo wake. Aliuliza kama kamera bado tunayo. Tumepanga kuanza naye Septemba, kabla bintiye hajamhamishia Győr.